Muulize Fundi: Mkanda wa jeshi la zamani, usome kwanza kabla hujaufua

SWALI, kutoka Kampala

Fundi habari za kazi. Mimi nashona na kukarabati mabegi hapa Nakawa, juzi nilikuwa soko la Owino natafuta turubai kuukuu, muuzaji mmoja akanitolea mfuko mzima wa mikanda imechanganyika nikauchukua wote kwa elfu ishirini. Mingi ni ya begi za kawaida za shule lakini miwili imenishangaza, ni ya pamba imefumwa nene kabisa, rangi kama majani yaliyoanza kukauka, katikati mipana halafu kuelekea kwenye ncha inapungua, ncha zenyewe zimevishwa chuma cha njano. Mmoja una kitanzi katikati, mwingine hauna. Kuna maandishi yamefifia, nasoma M.E.Co. na 1942 na pembeni kitu kama unyayo wa kuku. Mume wangu anasema niiloweke na jiki itakate nishonee begi la mteja, mimi nikamwambia ngoja kwanza nimuulize Fundi. Ni nini hii?

JIBU

Mama, hiyo jiki irudishe kabatini kwanza halafu tuongee.

Ulichopata ni mikanda ya mabegani ya jeshi la Waingereza, ile seti ya mikanda na mifuko waliyoanza kuitumia mwaka 1937, na watu wanaoijua wanaiita tu ya 37. Mimi sijaiona lakini barua yako imenionyesha, manake umetaja upana, umetaja chuma, umetaja maandishi na umetaja kitanzi, na hivyo vinne ndo vitu ambavyo mtu akishika mkanda wowote wa zamani anatakiwa aviangalie kabla ya kuuliza bei hata.

Chukua tepu yako ya kushonea upime. Kwenye ncha utakuta inchi 1, pale panapokaa begani utakuta inchi 2. Hiyo sababu yake wewe mshona mabegi unaijua kuliko mimi, mzigo ukining'inia kwenye mkanda mwembamba unakata bega, kwa hiyo wakapanua pale tu panapobeba uzito na huku kwingine wakaacha mwembamba upite kwenye bizimu. Sasa angalia vizuri pale upana unapobadilika, kama hakuna mshono wowote basi upana ulipunguzwa hukohuko kwenye mtambo wa kufumia, nyuzi zenyewe zinakaribiana taratibu mpaka mkanda unakuwa wa inchi 1, ni kazi ambayo mimi kila nikiishika naigeuza mara mbili mara tatu sichoki. Na kama kuna mshono basi waliunganisha vipande, hiyo pia ipo na ni halali, vita ilikuwa imepamba moto na watu walitaka vitu vitoke haraka.

M.E.Co. ni Mills Equipment Company, kampuni ya London, na jina la Mills linatoka kwa Anson Mills, ofisa wa jeshi la Marekani aliyebuni mikanda ya risasi ya kufumwa badala ya ngozi. Hao ndo waliotengeneza hata seti iliyotangulia hii yako, ile ya 1908, ambayo Waingereza walipigana nayo vita ya kwanza ya dunia. 1942 ni mwaka wa kutengenezwa, haina fumbo. Na huo unyayo wa kuku siyo kuku, ni mshale, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, waliipiga kwenye kila kitu, kuanzia bunduki mpaka kijiko.

Kitanzi je? Mikanda hii inavaliwa miwili, inaanzia nyuma kwenye mshipi wa kiuno, inapishana mgongoni kama X, inapita mabegani inashuka mbele kwenye mifuko miwili ya risasi, mifuko iliyokatwa kwa kipimo cha magazini za bunduki ya Bren. Sasa pale inapopishana mgongoni ingekuwa inatelezateleza, ndo maana mmoja una kitanzi, mwenzake anapita ndani yake anatulia. Kwa hiyo mama yangu wewe una jozi, mwenye kitanzi na asiye na kitanzi, na jozi kukaa pamoja miaka yote hii mpaka ikafika Owino kwenye mfuko mmoja na mikanda ya shule, mimi hilo limenigusa. Usiitenganishe tafadhali.

Kuhusu rangi usidanganyike. Kiwandani ilitoka na rangi ya kaki hafifu, karibu na mchanga. Kijani uliyoiona ni ya askari mwenyewe, walikuwa na kitu kinaitwa Blanco, kipande kigumu kama sabuni, unalowesha brashi unasugua kwenye kipande unapaka mkanda, unakausha, kesho kutwa tena, na sajenti akipita kwenye paredi asikute doa. Pindua kidogo pale ambapo mkanda umekunjwa ukashonwa kwenye chuma, au chini kabisa ya ile ncha ya shaba, brashi haikufika huko, utaona rangi ya asili. Ukikuta ndani ni kaki na nje ni kijani ujue huo mkanda ulivaliwa na mtu na mtu huyo aliutunza.

Na sasa ndo nafika kwenye jiki. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado natengeneza viti vya magari na turubai za malori kule Jinja, mama mmoja mtu mzima aliniletea mkanda kama huu niukate niufanye wa begi lake la kwenda shamba. Ulikuwa mchafu, nikauloweka usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya unga. Asubuhi maji yalikuwa ya kijani tupu, mkanda umesinyaa, na pale kwenye ncha ambapo jana yake niliona namba imeandikwa kwa mkono kwa wino, tarakimu ndogondogo zimelala upande, hapakuwa na kitu. Mama alipokuja kuuchukua akaugeuza upande ule akaniuliza, ile namba ya mzee iko wapi? Sikuwa na jibu. Namba ile haikuwa imeandikwa mahali pengine popote ndani ya nyumba yake, na mimi ndo niliiondoa kwa sabuni. Ndo maana mtu akiniuliza habari ya mikanda hii la kwanza nalosema ni usifue, usome kwanza, na ukishausoma pia usifue.

Vumbi litoe kwa brashi kavu laini, ile ya viatu ambayo haijawahi kugusa kiwi. Ile kutu ya kijani kwenye shaba ikwangue kwa kijiti cha mti kidogo kidogo, dawa ya kung'arisha shaba usiilete karibu, ikiingia kwenye pamba inaacha doa jeupe halitoki tena. Halafu mwangaza wa asubuhi unapoingia dirishani uulaze mkanda mezani uuangalie kwa ubavu, siyo kwa juu, maandishi yaliyofifia yanaonekana hivyo, au piga picha kwa simu uongeze ile kontrasti, nshasoma miaka na namba ambazo kwa macho nilisema hazipo.

Kwa vile unazunguka Owino kila mara, shika na hizi zingine kichwani. Ukikuta mshipi wa kiuno wa pamba hiyohiyo wenye upana wa inchi 3 huo ni wa ile seti ya 1908, wa 37 ni inchi 2 na robo. Ukikuta rangi ya bluu ya kijivujivu, umbo ni lilelile la 37, hiyo ilikuwa ya jeshi la anga. Ukikuta kijani kibichi ambacho kimeingia mpaka ndani ya uzi, nyepesi mkononi, vyuma vyeupe siyo njano, fikiria ya 1944, ile waliyotengeneza kwa ajili ya misitu yenye mvua. Na kijani kizito chenye ndoano za chuma zilizopakwa rangi, hiyo mara nyingi ni ya 1958, hiyo ndo inapatikana kwa wingi zaidi kwenye mivumba manake Waingereza waliitumia miongo mitatu hivi kabla hawajaiuza.

Begi la mteja mtafutie mkanda mwingine.

SWALI, kutoka Mbale

Fundi shikamoo. Babu yetu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, alienda Burma akarudi, alifariki mimi sijazaliwa. Mwezi uliopita bibi alitufungulia sanduku lake, ndani kuna kanzu, kofia na mkanda mmoja wa turubai una madoa meusi. Kwenye mkanda kuna muhuri wa herufi U na ndani ya U kuna mshale. Sisi tumefurahi tukasema hii U ni Uganda, walipewa vifaa vyao wenyewe na jina la nchi. Mjomba anabisha. Nani yuko sawa? Kuna pia namba tano zimeandikwa kwa wino.

JIBU

Marahaba mwanangu. Mjomba yuko sawa, lakini msivunjike moyo manake jibu lenyewe ni zuri pia.

U yenye mshale ndani ni alama ya Afrika Kusini, wakati ule ikiitwa Muungano wa Afrika Kusini, jina walilolitumia kuanzia 1910 mpaka 1961, na U ni herufi ya kwanza ya neno muungano kwa Kiingereza. Nchi kadhaa zilizokuwa chini ya mfalme wa Uingereza zilikuwa na mshale wao, Kanada waliuweka ndani ya herufi C, Australia katikati ya D mbili, New Zealand katikati ya N na Z, India waliuweka pamoja na I. Kwa hiyo mkanda wa babu ni mali ya Afrika Kusini ukaja kuvaliwa na kijana wa kutoka mlima Elgon, na hilo siyo ajabu, vikosi vya huku vilivishwa kutoka popote ambapo meli na treni zingeweza kufika.

Batalioni ya 4 ya KAR ndo ilikuwa ya Uganda, na hata leo ukienda Jinja wazee watakuonyesha kambi. Keya walipelekwa Abisinia, Ethiopia ya leo, kuwatoa Waitalia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska 1942, halafu wakavushwa bahari mpaka Asia. Mwaka 1944 ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kule Burma ikiwafukuza Wajapani kwenye mvua ambayo haikatiki, barabara imekuwa matope mpaka kiunoni, bonde lenyewe lina malaria mpaka lilikuwa na sifa mbaya kwa hilo, wakafika mto Chindwin wakauvuka pale Kalewa mwezi Desemba. Pamba kwenye hali ile inashika ukungu na inaoza, mkanda ukilowa unakuwa mzito na haukauki. Ndo sababu Waingereza wakaja kutengeneza ile ya 1944 niliyomwambia mama wa Nakawa hapo juu. Kwa madoa meusi ya mkanda wenu siwezi kuapa yametoka kule, hata sanduku lililokaa kwenye nyumba ya Mbale linashika ukungu, lakini msiyasugue.

Sasa hiyo namba ndo kitu cha kushughulikia leo leo, siyo wiki ijayo. Piga picha, halafu mwombe bibi atafute karatasi yoyote ya babu, cheti cha kuachishwa jeshi kama kipo, na mlinganishe. Na kama ana medali, mtaona kitu: zile nyota za vita ya pili Waingereza walizitoa bila kuchonga jina wala namba, kwa hiyo nyota ya babu na nyota ya jirani ni sawasawa ukiziweka mezani. Mkanda una namba. Wino wa mkono wake, au wa mkono wa karani wa stoo, umo humo. Andikeni namba hiyo kwenye kitabu cha ukoo au nyuma ya picha yake, na jina lake kamili, na kijiji, na bibi anachokumbuka, mwacheni aongee huku simu inarekodi, manake yeye ndo mtu wa mwisho anayejua.

Mkanda msiufunge kwenye kaveera, plastiki inafungia unyevu ndani. Mfunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila rangi, mulaze bila kuukunja kunja, na kila baada ya mvua za masika mfungue muangalie.

SWALI, kutoka Entebbe

Fundi, kuna kijana mtandaoni anauza mkanda wa 1943 ananiambia ni halisi, picha inaonyesha mpya kabisa, wino mweusi tiii. Ninunue?

JIBU

Mpya peke yake siyo kosa, vipo vilivyokaa stoo havijavaliwa na mtu. Lakini usilipe kabla ya kuushika mkononi. Nenda na tochi ile ya zambarau wanayotumia kukagua noti, mulika uzi wa mshono gizani: uzi wa kisasa wa polista mara nyingi unawaka mweupe kabisa, pamba ya zamani inabaki imelala. Ila ujue mkanda uliofuliwa kwa sabuni ya unga nao unawaka wote mzima, hiyo siyo feki ni mtu tu amefua. Nenda na sumaku pia, shaba tupu haishikwi, ikishikwa ndani kuna chuma, ambayo haimaanishi moja kwa moja ni uongo manake vita ilipobana walitumia chuma pia, inamaanisha uulize zaidi. Mimi ningeangalia zaidi zile ncha: ncha ya shaba iliyobanwa miaka 80 imeacha alama yake kwenye pamba, ukijaribu kuisogeza kidogo utaona mstari. Kijana akikuzuia kuugusa, mwachie mkanda wake.

SWALI, kutoka Gulu

Fundi mimi ni dereva wa pikap ya kukodi. Nimenunua mkanda mrefu wa nailoni wa kijani, una chuma cha kukazia na ndoano mbili, maandishi yanaanza 1670-00 zingine zimefutika, chini kuna DSA na 75. Nataka niutumie kufungia mizigo, na pia tuna kisima nyumbani tunataka kumshusha mtu akakisafishe. Je unafaa? Na polisi watanisumbua?

JIBU

Kaka, nianze na kisima: hapana. Usimfunge binadamu na huo mkanda, hata mara moja, hata kama ni mtu mwepesi.

Nikueleze sababu kwa hizohizo namba zako. 1670 ni kundi la vifaa vya parachuti na vya kufungia mizigo ndani ya ndege. Hizo 00 zinazofuata ni namba ya nchi, 00 au 01 ni Marekani, ungekuta 99 ingekuwa Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, na ukikuta 8465 mwanzoni basi ni kifaa cha askari mmoja mmoja kama mkanda wa begi. DSA ni idara iliyokuwa inanunulia majeshi ya Marekani vifaa, ilibadilishwa jina kuwa DLA mwaka 1977, na hiyo 75 katikati ya namba ya mkataba ni mwaka, 1975. Kwa hiyo mkanda wako una kama miaka 50. Nailoni haiozi kama pamba, inadanganya, inabaki inang'aa huku jua limeshaikausha ndani kwa ndani. Kunja mkanda kidole kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukisikia umekakamaa, ukiona vinyweleo vyeupe vimesimama juu, ukiona rangi ya upande mmoja imepauka kuliko upande mwingine, nguvu imeshaondoka na hakuna mtu anayeweza kukuambia imebaki kiasi gani. Kama unataka kuhakikisha ni nailoni kata uzi mmoja uliolegea uuchome, nailoni inayeyuka inaacha kijidonge kigumu, pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu. Uzi mmoja tu, siyo ncha ya mkanda.

Kufungia magodoro na viti barabara ya kwenda Kitgum, ukishaukagua hivyo na ukawa mzima, sawa. Mabati, mbao, sementi, nunua mpya, pale mkanda ukikatika kuna mtu wa boda nyuma yako.

Polisi. Hili wasomaji wote walishike. Sheria ya UPDF, jeshi letu la Uganda, ya mwaka 2005 inakataza raia kukaa na vifaa na mavazi ya jeshi bila ruhusa, na mwezi Septemba 2019 serikali ilichapisha kwenye gazeti lake rasmi orodha ya mavazi ya jeshi, bereti nyekundu ikiwemo. Mkanda wa pamba wa 1942 na kombati mpya ya madoadoa siyo kitu kimoja, lakini anayekusimamisha usiku barabarani hawezi kupima inchi na tepu. Kitu chochote chenye madoadoa au kinachofanana na cha askari wetu wa leo usikinunue hata kwa bei ya bure. Hiki cha kwako, kabla hujakitundika kwenye pikap, mpelekee mwenyekiti wako wa kijiji, yule wa LC1, halafu nenda kituo cha polisi cha karibu mchana kweupe, wewe mwenyewe, na mkanda mkononi na risiti kama unayo, uwaonyeshe hizo namba uwaulize. Wakisema uache, uwaachie hapohapo.

Na mtu wa kisima tafuta wanaofanya kazi hiyo, waje na kamba yao na winchi yao.